Fundi Anajibu: "Seva ya bakapu ipo ndani, pachi ya nini?"

Swali: Fundi mambo vipi. Mimi nipo Mwanza, ndo mtu wa aiti peke yangu kwenye kampuni ya usambazaji, bakapu zetu zote (nakala za akiba za mafaili) zinafanywa na programu ya Veeam, aliisimika jamaa mmoja 2023 akachukua chake akasepa, simu hapokei. Juzi kwenye grupu la WhatsApp mtu katupia CVE-2024-29849, namba ya shimo la usalama la Veeam, eti unaingia kama admin bila pasiwedi. Nikamwambia bosi tuapdeti, kagoma, anasema seva ipo ndani haionekani intaneti na mfumo unapiga kazi vizuri, tuuchokonoe wa nini? Nani yuko sahihi hapo? *J., Mwanza*

Jibu: Kaka J, pole, maana aiti wa peke yake ndo huyohuyo anayeitwa printa ikigoma.

Kabla hujarudi kwa bosi, angalia kwanza kama hilo shimo unalo. Halipo kwenye programu yenyewe ya bakapu, lipo kwenye Veeam Backup Enterprise Manager, ule ukurasa wa kwenye brauza wa kusimamia seva kadhaa za bakapu kwa pamoja. Huwa hauji wenyewe, lazima mtu aufunge, ila mafundi wetu nao unawajua, wakiona kiboksi lazima watiki. Fungua services.msc, ile orodha ya huduma za Windows, ukikuta Enterprise Manager imo basi endelea kusoma, usipoikuta hili la leo halikuhusu, ruka nenda aya ya mwisho ya jibu hili.

Veeam walilitangaza tarehe 21 Mei 2024, uzito wake 9.8 kati ya 10, na mwezi uliofuata mtafiti Sina Kheirkhah akaanika hadharani linavyofanya kazi, na mimi nikisema ukweli nilicheka kabla ya kuogopa. Iko hivi: huo mfumo unakubali mtu aingie kwa tokeni ya VMware (mfumo wa kuendesha seva nyingi ndani ya mashine moja), yaani kale kacheti ka kusema "huyu tushamkagua, mpisheni". Sasa tokeni inapoletwa kwenye poti 9398, yaani mlango wa mtandao wa seva hiyo, inakuja na anwani ya seva ya kuulizwa kama ni halali, na anwani hiyo anaiandika mleta tokeni mwenyewe! Ni kama mlinzi wa getini anayemwambia mgeni "nipe namba ya bosi nihakikishe", mgeni anatoa namba ya mshikaji wake, mshikaji anapokea "eeh ni wetu huyo", geti linafunguliwa. Mdukuzi anatengeneza tokeni yenye jina la admin, anasimamisha seva yake ya kujibu "ndiyo", Veeam inauliza, inajibiwa ndiyo, imeisha hiyo.

Kwa hiyo bosi nusu yuko sahihi, kama haionekani intaneti basi mtu wa nje haigusi moja kwa moja. Ila hawa watu hawaanzii kwenye bakapu, wanaingilia kwingine ndo wanaitafuta. Mwaka huohuo 2024 lilitokea shimo jingine la Veeam, CVE-2024-40711, na Sophos, kampuni ya usalama wa mitandao, wakaeleza mashambulizi waliyoyafuatilia: jamaa waliingia kwanza kwa VPN, ile njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje, ambazo hazikuwa na uhakiki wa hatua mbili, wakishakuwa ndani wakaigonga Veeam kwa poti 8000, ikawatengenezea akaunti inaitwa "point" na kuiweka kwenye kundi la Administrators, halafu kuna walioachia Akira na wengine Fog, zile programu za kufunga mafaili na kudai hela. Seva hizo hazikuhitaji kuonekana intaneti, kilichohitajika ni VPN ya watu wavivu. Muulize bosi VPN yenu ya watu wa mauzo ikoje.

La kufanya: hilo la kwanza lilizibwa kwenye toleo 12.1.2.172, ila usiishie hapo maana lile la "point" lilizibwa 12.2, na Machi 2025 likaja CVE-2025-23120 lililozibwa 12.3.1, ambalo linagusa seva za bakapu zilizounganishwa kwenye domeni (mfumo wa akaunti za pamoja za kampuni), mtumiaji yeyote wa domeni anaweza kuendesha anachotaka humo, hata yule dada wa mapokezi. Kwa hiyo panda toleo jipya kabisa lililopo, lisiwe chini ya 12.3.1, na ukipata upenyo itoe seva ya bakapu kwenye domeni kabisa. Kama leo bosi hataki kusikia apdeti, simamisha na uzime huduma mbili, VeeamEnterpriseManagerSvc na VeeamRESTSvc, bakapu zitaendelea kama kawaida, ila angalia usizime ile inayoitwa Veeam Backup Server RESTful API Service, majina yanafanana mpaka yanaudhi na hiyo haihusiki. Kama Enterprise Manager hamuitumii, na kampuni yenye seva moja ya bakapu sioni inaitumia kwa lipi, ing'oe. Halafu pitia faili la logi Svc.VeeamRestAPI.log, tafuta mistari ya kuhakiki tokeni ya Single Sign-On uone anwani iliyoulizwa, ukikuta siyo ya vCenter yenu (seva yenu ya kusimamia VMware) nipigie hata usiku.

Swali: Pasiwedi yangu ya admin ina herufi 24, namba na alama zote, bado nina wasiwasi? *Mama Neema, Dodoma*

Jibu: Hongera mama, ila kwa shimo hili pasiwedi haiulizwi kabisa, iwe ya herufi 24 au 1234 ni yaleyale. Usiibadilishe, ni nzuri kwa mengine, weka pachi tu, yaani ile apdeti ya kuziba shimo.

Swali: Salaam aleikum bwana Fundi. Sisi Mombasa tuna bakapu kila usiku kwenye diski iliyochomekwa seva hiyohiyo. Akiingia mtu kama admin, zile za zamani si zitabaki? *S., Mombasa*

Jibu: Waaleikum salaam. Hazibaki, sheikh. Akishakuwa admin anazifuta kwanza, ndo afunge mafaili yenu, kwani mkiwa na bakapu mtamlipa ya nini? Wekeni nakala moja ambayo seva hiyo haiwezi kuifuta, ama diski inayochomolewa kila asubuhi ikafungiwa kwingine, ama hifadhi ya Linux iliyosetiwa kukataa kufuta mpaka siku zilizopangwa zipite. Diski ziwe mbili za kupokezana, kwa sababu ile ya kuchomoa mtu atasahau kuichomoa, na pengine usiku huohuo. Na Ijumaa hii chagueni faili moja la mahesabu mlirudishe kutoka kwenye nakala hiyo, mlifungue, mhasibu alitazame kwa macho yake.