Mafuta ya samaki ICU: tazama kikombe cha pili

Nyie mnaoanza kazi ya lishe ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ipo siku ndugu wa mgonjwa atawasubiri mlangoni na kichupa cha mafuta ya samaki. Mimi alinisubiri kijana ambaye mama yake alikuwa na sepsisi (mwili kujidhuru wenyewe ukipambana na maambukizi) iliyoanzia mapafuni. "Dada, hii ni samaki tu, haina madhara. Tumtobolee vidonge tupitishe kwenye mpira wa kulishia." Nilikuwa na wiki ya tatu kazini na nilikuwa nimesoma muhtasari wa utafiti mmoja wa Brazil. Nikamwambia nitamuuliza daktari, moyoni nimeshakubali.

Utafiti ule wa 2006 ulikuwa na wagonjwa 165 wenye sepsisi kali, na katika kundi lililopata mafuta ya samaki walikufa wachache. Sikuuliza wenzao walipewa nini. Kumbe nao walilishwa mafuta mengi, ila ya omega-6, aina iliyojaa kwenye mafuta ya mimea. Sasa samaki ndiye aliyeokoa, au yale mengine ndiyo yaliyoumiza?

Mwaka 2011 ukatoka utafiti wa OMEGA wa Marekani, wagonjwa 272 wenye mapafu yaliyojeruhiwa. Kundi la samaki lilichelewa zaidi kutoka kwenye mashine ya kupumulia, na utafiti ukasitishwa mapema. Hapo pia tazameni kikombe cha pili: cha kulinganishia kilikuwa na protini gramu 20 kwa siku, cha samaki kama 4. Siku hizi naanza na jedwali la vilivyomo, hitimisho baadaye.

Na hilo la "haina madhara" msilipokee hivihivi. Mwaka huohuo utafiti wa FEAST, Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha watoto mahututi waliomiminiwa dripu kwa kasi walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Dripu hiyo, jamani.

Miongozo haina utata sana: Surviving Sepsis Campaign ya 2016, mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi, ilikataa omega-3, yaani mafuta yaliyomo kwenye samaki, kama kiongeza kinga kwenye sepsisi. ESPEN ya 2019, ya chama cha Ulaya cha lishe ya wagonjwa, inakataa dozi kubwa za mkupuo tumboni, ila anayelishwa kwa mshipa anaweza kupewa mafuta yaliyochanganywa na ya samaki. Msichanganye njia hizo mbili.

Daktari hakunijibu habari ya samaki. Aliniuliza, "Mama jana kapata kalori ngapi?" Kimya. Tukafungua chati: lengo 1,500, alizopata hazifiki 600. Saa nne asubuhi lishe imesimamishwa, anaenda CT-scan. Saa tisa bado imesimama, hakuna aliyeiwasha. Usiku mpira umechomoka, wanasubiri eksirei. Na mimi hata propofol, dawa ya usingizi iliyochanganywa na mafuta, sikuihesabu, wakati kila mililita ina kalori 1.1, karibu zote za mafuta.

Kijana nilimrudishia kichupa chake. Nikamwomba uji uliochujwa aulete saa kumi na mbili, kabla zamu haijabadilishana.