Mawe ya Nyumba ya Kale kwa Tangi la Maji ya Chumvi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Tanga, nimenunua tangi la lita 200 na nataka kufuga samaki wa baharini. Jirani anabomoa nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kaniruhusu nichukue ninayoyataka. Rafiki yangu mvuvi naye anasema ataniletea mawe kutoka mwambani yakiwa na viumbe wake, niyachemshe kidogo niyatumie siku hiyohiyo. Nichukue yapi, na samaki niwaweke lini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, jiwe lililotoka baharini usilichemshe kamwe. Baadhi ya viumbe laini wanaoota juu ya mawe, wale wadogo wa duara wenye vinyweleo pembeni, wana sumu iitwayo palitoksini. Moto wa jikoni hauiui. Inapanda na mvuke, mnaivuta nyote mliomo ndani. Kuna familia nzima zimelazwa hospitali kwa ajili ya mawe ya tangi.

Rafiki yako mshukuru, lakini mwambie ayaache yalipo. Miamba ya Tanga imepigwa baruti miaka mingi, na joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi katika ukanda wetu. Tangu 2009 sehemu kubwa ya pwani hiyo ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yaani yule samaki wa kale wa kina kirefu. Jiwe moja la mwambani ni nyumba ya viumbe wengi kuliko utakaowafuga maisha yako yote, na linaniuma kila ninapoliona likiuzwa kwenye ndoo.

Mawe ya jirani ndiyo hasa. Ni matumbawe ya kale, yamejaa vitundu, na humo ndimo watakamokaa bakteria wa kusafisha maji. Chukua yaliyokuwa katikati ya ukuta. Lenye rangi, saruji au kutu ya msumari liache, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Chokaa iliyoganda ibandue kwa patasi mpaka uone jiwe lenyewe. Wengine watakwambia udondoshee siki, likitoa povu ni zuri. Chokaa nayo hutoa povu, kwa hiyo tegemea jicho na mkono. Jiwe jepesi kuliko umbo lake ndilo lenye vitundu. Kilo 20 hivi zinakutosha.

Yasugue kwa brashi ngumu ya plastiki, kisha yaloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukiyabadilisha. Yakiwa na ukungu au harufu, tia jiki sehemu moja kwa maji sehemu kumi, yalale humo usiku mmoja, suuza sana, uyaanike juani mpaka harufu ya klorini iishe kabisa. Jiki usiichanganye na siki wala asidi yoyote: hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Sasa yaweke kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, na maji ya chumvi yanayosoma 1.025 kwenye haidromita (kifaa cha kupima chumvi ya maji), na pampu ndogo inayozungusha maji usiku na mchana. Ukichota maji ya bahari, nenda nje ya bandari wakati maji yamejaa, na si siku za masika Mto Zigi ukimwaga matope. Giza la pipa linazuia mwani. Pima fosfeti, yaani mbolea inayolisha mwani; mawe ya zamani huitoa polepole, nawe endelea kubadilisha maji mpaka ishuke.

Bakteria wanahitaji chakula. Chukua kamba mmoja mbichi, mfunge kwenye kipande cha chandarua, mning'inize ndani ya pipa. Akioza hutoa amonia. Ikifika miligramu 2 kwa lita mtoe. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Kundi hilo la pili hukua taratibu, na hapo ndipo wengi huchoka. Kwa kawaida kazi yote huchukua wiki nne hadi sita, lakini sikiliza kipimo cha matone, si kalenda. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, mrudishe kamba mpaka amonia ifike tena 2, kisha umtoe. Zote mbili zikirudi sifuri ndani ya saa 24, mawe yameiva.

Yapange kwenye tangi yakiegemea kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, kwani wapo samaki wanaochimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka. Badilisha nusu ya maji kushusha nitrati. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matamu yasiyo na klorini. Chumvi haipai na mvuke. Anza na samaki wawili wadogo, uwalishe kidogo, na upime amonia kila siku wiki ya kwanza kabla ya kufikiria wa tatu.