Wacha! Usiguse huo mwaka wa kuzaliwa

Hiyo kopi usiipeleke Jumatatu. Nimesoma swali lako mara mbili, usingizi umenikimbia. Una miaka 52, hoteli imekupunguza, umeitwa usaili Watamu, na "kuna jamaa" atakubadilishia mwaka kwenye kopi ya kitambulisho uwe na 43. Umeuliza pia CV iandikwe vipi, kama Lamu kuna kazi kuliko huku, na habari ya pesa zako za NSSF. Hayo ngoja kwanza. Paa linawaka, wewe waniuliza bei ya makuti?

Mimi kopi hiyo niliipeleka.

Nimezaliwa 1967. Nilikaa stoo ya hoteli moja upande wa Casuarina miaka 19, kuanzia gunia la mchele mpaka chupa ya mvinyo, na Kiitaliano changu cha kuelewana na wapishi. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimamishwa, mwezi haujaisha tukapewa barua, na hesabu ya siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Nilikuwa na 53. Nikasema nitapumzika kidogo, watalii wakirudi na mimi nitarudi.

Watalii walirudi. Mimi nikawa wa kuzunguka na bahasha. Mahali pamoja kijana wa mapokezi alinirudishia bahasha bila hata kuifungua: "Mzee, hapa tunachukua chini ya 35." Mahali pengine meneja alinisifu Kiitaliano, akacheka na mimi vizuri, halafu akaniuliza kama magoti yangu yanapanda ngazi. Nikamwambia yanapanda. Nangoja simu yake hadi leo, labda magoti yake ndiyo hayajafika kwenye simu.

Kwa hiyo naujua uchungu wako. Usidhani nakuandikia kutoka juu ya mnazi.

Basi nikaingia mikononi mwa jamaa. Wangu alikuwa na duka la kutoa kopi na kompyuta mbili. Huyo wako sijui ni yule yule au ni mwanafunzi wake, maana naona somo halijabadilika. Akaniangalia, akaangalia kitambulisho, akanambia kwa sauti ya daktari: "Ami, 67 na 76 ni tarakimu zile zile. Tunazigeuza tu. Hata si uongo." Shilingi 1,500. Akanifundisha na la kusema wakitaka kitambulisho chenyewe: kimepotea, nangojea kipya. Akamalizia kwa ushauri wa bure, nitie piko kwenye ndevu.

Huyu mtu hajawahi kuajiriwa hata siku moja! Hajui usaili ni nini, hajui faili la mfanyakazi lina nini ndani, lakini anawauzia watu wazima ujana kwa bei ya nusu gunia la makaa. Na wenzake wamejaa kwenye simu zetu, "punguza umri", "kuwa mjanja", "kila mtu anafanya". Kila mtu gani? Walete hapa nihesabu.

Piko nikatia. Ilikuwa Novemba 2021, joto la kuanza kaskazi, matatu mpaka Gede, kisha tuktuk imejaa mpaka mlangoni. Nilipokaa mbele ya meneja jasho likashuka na rangi. Shati lilikuwa jeupe. Akanisogezea karatasi ya kufutia bila kusema neno, nikaangalia kola, mstari mweusi umeteremka mpaka kwenye kifungo. Nikasema ni wino wa kalamu. Wino, shingoni. Na kazi akanipa! Hapo ndipo ningejiuliza, mtu aliyeona ndevu zikiyeyuka mbele yake akanipa funguo za stoo, alikuwa anautaka ujana wangu kweli?

Sikujiuliza. Nilifurahi.

Miezi minne nilifanya kazi kwa moyo. Nilimrudisha muuza kamba mara mbili kwa sababu ya barafu, maana kamba wake wakichujwa maji kilo kumi zinakuwa saba na kitu, na vijana waliokuwa hapo kabla yangu walikuwa wanatia sahihi tu. Meneja akaanza kuniita fundi. Halafu akaja msichana mpya wa uhasibu, umri wa kitinda mimba wangu, mpole, ana heshima zake. Akawa anapanga mafaili. Akaomba kila mtu alete cheti chake cha shule, kile chenyewe, atoe kopi arudishe.

Nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku, nikabeba cheti changu kwa fahari. KCE, 1984. Wallahi sikufikiri lolote. Cheti nimekitunza kwenye nailoni tangu nikiwa kijana, nilitaka akione kilivyo safi.

Akakiweka mezani kando ya ile kopi. Akasoma hiki, akasoma kile. Kisha akashusha sauti ili walio nje wasisikie: "Mzee wangu, hapa umezaliwa 1976. Na hapa umefanya mtihani wa kidato cha nne 1984. Ulikuwa na miaka minane?"

Ndugu yangu, pale sikuwa na wino wa kusingizia. Na usifikiri yako itajificha. Mtihani wenyewe unataja rika lako: mfumo wa elimu wa 8-4-4 uliingia 1985, na KCSE, mtihani uliochukua nafasi ya KCE, ukafanywa mara ya kwanza 1989, kwa hiyo mwenye KCE mkononi, hata ufute tarehe zote duniani, jina la cheti linasema wewe ni wa lini. Wako ni KCSE, sawa, lakini mwaka si umeandikwa juu? Ukipunguza miaka tisa utakuwa ulimaliza sekondari kabla ya kubaleghe. Na nambari yako ya NSSF, uliyochukua kazi ya kwanza, ina mwaka wako wa kweli. Umri hauko kwenye kitambulisho peke yake, umetawanyika kila mahali ulipowahi kutia sahihi, na jamaa wa kopi anafuta mahali pamoja.

Neno lililonimaliza msichana alilisema akinirudishia cheti: "Lakini mzee, tangazo letu halikutaja umri. Nani alikuuliza?"

Nani aliniuliza! Nililirudia neno hilo ndani ya matatu mpaka Malindi.

Nilifukuzwa siku ile ile, na sikuonewa. Kughushi kitambulisho ni jinai, wangetaka wangeniita polisi, walinionea huruma wakanipa mshahara wa siku zangu. Lakini hasara kubwa haikuwa mshahara. Meneja wangu wa zamani, aliyeniandikia barua ya sifa kwa mkono wake baada ya miaka 19, alipigiwa simu akaulizwa kama alijua. Hakunitukana. Alinambia tu, "Sasa nitawaandikiaje wengine?" Tukikutana msikitini tunasalimiana, anaangalia saa. Na Malindi unaijua, habari ilishuka steji kabla yangu.

La pili. Yule wa "chini ya 35" alikuwa amenipa kesi mkononi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inataja umri kwa jina kati ya mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo, na si serikali tu inayokatazwa, hata mtu binafsi. Mahakama ya kazi ipo hapa hapa Malindi. Mimi nilikuwa na haki ya kulalamika, nikaibadilisha kwa karatasi ya shilingi 1,500. Nikienda leo kumshitaki mtu kwa habari ya umri wangu, wakili wake atauliza swali moja: umri upi?

Kwa hiyo huo mwaka usiuguse. Usipunguze hata mmoja. Usiape kwa wakili kwamba uliandikwa vibaya wakati hukuandikwa vibaya. Piko tia ukipenda, ila vua shati.

CV: hakuna anayekulazimisha kuandika mwaka wa kuzaliwa juu yake. Uache tu, kuacha si kudanganya. Kazi za miaka kumi na kitu ya mwisho zatosha, za nyuma mstari mmoja. Lakini andika mambo ambayo kijana hawezi kuyaandika. Mimi niliandika habari ya barafu na kamba, na ya pweza anayelowekwa usiku ili aongeze uzito asubuhi. Mwaka 2023 nilipoitwa pahali pengine, kabla sijakaa nilitoa kitambulisho chenyewe nikakiweka mezani. Nikasema, 1967, tusome pamoja, kama ni tatizo nirudi na matatu ya saa tano. Mama mwenye pahali hapo akacheka, akaniuliza ile ya pweza. Bado niko hapo, mshahara ni mdogo kuliko wa 2019, sitakuficha. Wakikuambia umezeeka, waambie serikali yenyewe ilipandisha umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka 55 mpaka 60 tangu 2009, kwa hesabu hiyo una miaka minane mizima ya kuwafanyia kazi.

Lamu sijafanya kazi, waliopo huko watakujibu.

Sasa niambie, huyo jamaa umeshamwachia kopi ya kitambulisho chako, au bado? Kama umemwachia, nenda kaichukue leo kabla hajafunga duka, na hata kama umemlipa usimdai. Nijibu hapa hapa, niko macho.