Ada ya mtoto inakaribia nusu ya mshahara: niache kazi?

Swali

Mshauri, shikamoo. Nalea mtoto wa mwaka mmoja na nusu peke yangu. Ada ya kituo anachoshinda inachukua karibu nusu ya mshahara, bado kodi ya nyumba, bado nauli, bado faini nikichelewa kumchukua. Ada inadaiwa tarehe 15 na mshahara unaingia tarehe 28, kwa hiyo kila katikati ya mwezi nachukua mkopo wa simu wenye riba ya asilimia 10. Mshahara ukitoka nalipa, tarehe 15 nakopa tena. Dada yangu naye ananidai. Baba wa mtoto hutuma kitu pale anapojisikia. Wenzangu kazini wananiambia niache kazi nikae na mwanangu, eti namfanyia kazi mlezi. Usiku nahesabu mpaka kunakucha. Kimahesabu, niache?

Jibu

Marahaba, dada. Usiache. Wenzako hawajasema upuuzi, ila wamechukua hesabu ya nyumba yenye mishahara miwili wakakupa wewe mwenye mmoja. Mke na mume wakiwa wote kazini, mmoja akiamua kukaa nyumbani, mshahara wa pili unaendelea kulipa kodi. Kwako hakuna wa pili. Ukiacha, ada inafutika, lakini kodi, chakula na madeni vinabaki palepale, na wa kuvilipa hayupo.

Tuseme mshahara wako mkononi ni 100, ili kila msomaji aweke tarakimu zake. Ada ni 45. Nauli na gharama nyingine unazoingia kwa sababu tu unakwenda kazini, tuziite 15. Inabaki 40, na hiyo ndiyo faida ya kazi yako kwa mwezi. Ingekuwa inabaki 3 au 5 tungeanza na mlezi mwingine au zamu nyingine, na hata hapo kuacha kazi kungekuwa la mwisho kabisa.

Ada hiyo pia haitakaa hivyo siku zote. Mtoto mchanga ni ghali kumlea kituoni kwa sababu mlezi mmoja anaweza kuangalia wachache tu. Kanuni za England, kwa mfano, zinataka mlezi mmoja kwa kila watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na mmoja kwa wanane wakishatimiza miaka mitatu. Sehemu kubwa ya ada ni mshahara wa walezi. Kwa hiyo uliza kituoni ada inashuka mtoto akifika umri gani, uandike mwezi huo. Vituo vingi vina bei kwa umri na havikumbushi mzazi siku mtoto anapovuka.

Mshahara nao haukai mahali pamoja. Ukipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka mitatu 100 yako inakuwa karibu 116. Aliyekaa nyumbani miaka hiyo mara nyingi huanza tena chini ya pale alipoachia. Tuseme akaanza na 90: pengo ni 26 kila mwezi, na litamfuata muda mrefu baada ya mtoto kuanza shule. Mchango wa mwajiri kwenye pensheni au bima ya afya, kama upo, sijauweka hata kwenye hesabu hii.

Kilichonishtua zaidi kwenye barua yako ni zile tarehe mbili. Watu wengi wanaolemewa na ada wana tatizo la aina mbili na huwa wanayachanganya. Kuna upungufu, yaani mapato hayatoshi matumizi hata ukipanga vipi. Na kuna mpishano, yaani fedha zinatosha ila zinaingia baada ya siku ya kulipa. Wewe kila mwezi unaweza kulipa ada yote pamoja na riba juu yake. Huo ni mpishano, na unautibu kwa dawa ya upungufu, ambayo ni mkopo.

Angalia bei yake. Unakopa 45, unarudisha 49.5. Hiyo 4.5 inaonekana ndogo, ndiyo maana inavumilika. Kwa miezi 12 inafika 54, yaani ada ya mwezi mzima na chenji juu, na deni lenyewe halijapungua hata kidogo. Na fedha hizo umezishika siku 13 tu, kuanzia tarehe 15 hadi 28.

Dawa ya kwanza haina gharama: nenda kwa mwenye kituo umwombe tarehe yako ya kulipa iwe 29. Usiende kuomba kupunguziwa. Omba kuhamishiwa tarehe, na umwoneshe hati ya mshahara ili aone siku fedha zinapoingia. Mwenye kituo anachoogopa ni mzazi asiyelipa. Mzazi mwenye tarehe inayojulikana ni mteja mzuri. Akisita, pendekeza nusu tarehe 29 na nusu tarehe 15. Hapo walau mkopo unakuwa nusu.

Akikataa kabisa, toka kidogokidogo. Tarehe 15 ijayo kopa 40 badala ya 45, mwezi unaofuata 35, kisha 30, hivyohivyo mpaka mara ya nane unapokopa 5 ya mwisho. Mwezi wa kwanza lazima ujibane upate 5 ya ziada. Wa pili utahitaji 4.5, wa tatu 4, kwa sababu riba unayookoa inaanza kukusaidia. Riba ya mikopo hiyo minane ni 18, na baada yake hakuna tena. Ile 4.5 ya kila mwezi inabaki mkononi mwako, na hapo ndipo deni la dada yako linapata pa kulipwa. Mwambie leo kiasi utakachoanza nacho na mwezi utakaoanza. Ndugu huumizwa na ukimya kuliko ucheleweshaji.

Hiyo 5 ya mwanzo itoke wapi? Hapa ndipo mahali pa fedha za baba wa mtoto. Kwenye bajeti yako ya mwezi mwandike sifuri. Akituma, zote ziende kupunguza mkopo, zisiingie kwenye matumizi ya kawaida, maana ukizizoea, mwezi asipotuma utakopa tena. Ila kumwandika sifuri siyo kumsamehe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 27, unawapa wazazi wajibu wa matunzo, na unazitaka nchi zichukue hatua ili matunzo hayo yapatikane hata kama mzazi anaishi nchi nyingine. Basi weka kumbukumbu: risiti za ada, za dawa, za nguo, tarehe na kiasi cha kila alichotuma. Mwandikie kwa adabu ukimtajia gharama za mwezi na sehemu unayoomba awe anatoa kila tarehe fulani. Asipojibu, karatasi hizo ndizo ofisi ya ustawi wa jamii au mahakama itakazouliza. Na usimnyime kumwona mtoto kwa sababu hajatoa fedha. Mahakama nyingi huyatenganisha mambo hayo mawili, na hasira ya namna hiyo huweza kukugeukia.

Kuhusu faini za kuchelewa, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika katika vituo vya Haifa, Israeli. Vituo vilipoanza kutoza faini, wazazi wachelewaji wakaongezeka, kwani waliiona faini kuwa ni bei ya muda wa ziada, wakawa wanalipa bila haya. Nakutajia hili ili usiione faini kuwa bei tu: wewe ndiye unayekwenda kumwomba mwenye kituo akuhamishie tarehe, na anayechelewa kila mara hasikilizwi kwa urahisi. Kabla hujamwona, ongea na bosi wako kuhusu kuingia na kutoka nusu saa mapema. Kama haiwezekani, tafuta mzazi mwenzako pale kituoni wa kupokezana naye kuchukua watoto.

Njia ya kushusha ada yenyewe ninayoiamini ni yaya wa pamoja: wazazi wawili, watoto wawili, yaya mmoja anayelipwa zaidi ya yaya wa mtoto mmoja lakini chini ya mara mbili. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, nani analipa nini mtoto mmoja akiugua. Nafuu iliyopatikana kwa kituo chenye watoto wengi mno na walezi wachache siishauri hata kidogo.

Mwisho, hizo hesabu za usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa nchini India kabla na baada ya mavuno. Wakulima walewale walifanya vibaya zaidi majaribio ya kufikiri wakati fedha zimewaishia. Shida ya fedha inakula nafasi ya akili, kwa hiyo usiamue jambo la fedha saa nane za usiku. Chagua saa moja kwa wiki, mtoto akiwa amelala, uwe na daftari lenye tarehe zote za kuingia na kutoka, na wasiwasi ukikujia nje ya saa hiyo uandike mstari mmoja tu uungoje huko. Lakini kama kukosa usingizi kumepita wiki mbili na umeanza kukosa hamu ya chakula au ya mambo uliyoyapenda, mwone daktari kwanza, hata kabla ya kwenda kwa mwenye kituo.