Kwa mnaoanza uchunguzi wa kidijitali na lugha ya programu ya Lucid: anzeni na muktadha

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii fani, kuna jambo moja lilinichukua muda sana kulielewa na sitaki liwachukue na nyinyi muda huo. Ukikuta kitu kwenye diski, hicho sio tukio. Hicho ni ulichokiona wewe, kwa programu uliyotumia, siku uliyoangalia, tukio lenyewe lilishapita na hutalipata tena.

Kwenye moja ya kesi zangu za mwanzo niliandika kwenye ripoti kwamba faili lilifunguliwa mara ya mwisho saa sita kamili usiku. Flashi ilikuwa ya FAT (mfumo mmojawapo wa kupanga mafaili kwenye diski), na FAT kwenye kipengele cha kufunguliwa inatunza tarehe tu, saa haina kabisa, zile 00:00:00 nilizoziona ni programu yangu ndo ilizijaza. Aliyekuwa ananisimamia aliliona kabla ripoti haijatoka, nashukuru mpaka leo, maana kuna mtu alikuwa ameshaanza kuulizwa usiku ule alikuwa wapi. FAT hiyohiyo muda wa kubadilishwa faili unaruka sekunde mbili mbili na unafuata saa ya hapo kompyuta ilivyosetiwa, wakati NTFS (mfumo mwingine wa mafaili, wa Windows) inaandika kwa UTC, saa moja ya dunia nzima. Namba ni ileile ila maana yake inategemea umeikuta wapi.

Sasa hapo ndo lugha za intensionali zinapoingia, yaani lugha za programu ambazo thamani ya kitu inategemea muktadha (kwa Kiingereza ni intensional, angalia herufi vizuri, ni s sio t, haihusiani na kukusudia). Wazo linatoka kwenye mantiki, kwa wanafalsafa kina Carnap na Kripke: ukiulizwa mvua inanyesha au hainyeshi huwezi kujibu mpaka ujue ni wapi na ni lini. Lucid, iliyoanzishwa na Bill Wadge na Ed Ashcroft miaka ya 1970, ikalileta wazo hilo kwenye programu. Ukiandika n = 0 fby n + 1 (fby ni "followed by", yaani ikifuatiwa na) hujaweka namba kwenye kisanduku, umesema n ni mfululizo mzima, 0 halafu 1 halafu 2 na kuendelea, na ukitaka thamani yake lazima useme unasimama hatua ya ngapi. Alama ya # inakuambia uko wapi, @ inakupeleka unapotaka. Halafu haikokotoi kitu mpaka kiombwe, ikiombwa inarudi kutafuta inachohitaji tu, na jibu inaliweka akiba isilitafute mara mbili. Wanaotoka Python wengi wanakwama hapa, wanatafuta lupu iko wapi, jamani msitafute lupu, semeni kitu ni nini na kwenye muktadha upi.

Mfano ninaompa kila mgeni ni ule wa printa wa watafiti Gladyshev na Patel wa 2004. Printa moja, watumiaji wawili, Alice na Bob, wanachangia gharama. Alice anasema yeye hajawahi kuprinti. Printa ina orodha ya nafasi, kazi ikiingia inakaa kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi, ikishaprintiwa nafasi inahesabika imefutwa na iko wazi tena ila jina la mwenye kazi linabaki, na kila mtu anaruhusiwa kazi moja tu kwa wakati mmoja. Mwanzo orodha ilikuwa tupu. Mchunguzi anafungua anakuta nafasi mbili za kwanza zote zina jina la Bob, zimefutwa, nyingine tupu.

Ukiangalia harakaharaka unasema Alice mkweli, jina lake halipo popote. Rudi nyuma taratibu. Bob alifikaje nafasi ya pili? Lazima ya kwanza ilikuwa na kazi inayosubiri, na haiwezi kuwa yake maana ana moja tu. Basi ilikuwa ya Alice, ikaprintiwa, baadaye Bob akatuma nyingine ikaja kukaa juu ya jina lake. Hakuna hadithi hata moja inayofika kwenye hali ile bila Alice kuprinti, na hiyo ndo nguvu ya kujaribu njia zote badala ya kushika iliyokuvutia.

Serguei Mokhov, pale Chuo Kikuu cha Concordia Montreal, alichukua fikra hizo, za Lucid na za kurudi nyuma kama kwenye printa, akatengeneza lugha ya Forensic Lucid, tasnifu yake ni ya 2013. Humo kila ulichokiona kinaandikwa na muktadha wake: sifa yenyewe, imedumu angalau hatua ngapi na inaweza kuzidi hadi ngapi, uzito wa kuiamini kati ya 0 na 1, na muda. Huo uzito msiuruke, ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho na logi ya mashine havifanani, msiviweke sawa kwa sababu ya uvivu. Na modeli ya mfumo unaouchunguza iwe ndogo, hali zake zinaongezeka kwa kasi ya kutisha ukiweka kila kitu.

Kabla hujainstoli chochote chukua karatasi uifanye hiyo ya printa kwa mkono. Ukimaliza muongeze mtumiaji wa tatu, C, uone. Nafasi ya kwanza ingeweza kuwa ya C, na ule uhakika juu ya Alice unaanguka wote, ingawa kwenye printa hakuna kilichobadilika. Kwahiyo "watumiaji ni wawili tu" nayo ilikuwa ni kitu mtu alikiona au aliambiwa, iandike na uzito wake kama vingine.