Mfundishe mwanafunzi kusema "amefariki" kabla hajaingia wodini

Nikiwa mwaka wa pili uuguzi nilitumwa na wa zamu nikamwambie mama mmoja habari za mtoto wake, alikuwa katokea kijijini huko Tandahimba, nikamkuta koridoni kakumbatia chupa ya uji. Nikasema, "Mama, mtoto ametutoka." Akaniuliza, "Ametoka? Mmempeleka wodi gani?" akaanza kutembea na uji wake kwenda kumtafuta, na mimi sauti ikagoma kabisa. Sijamsahau yule mama mpaka leo.

Sasa hivi nasimamia wanafunzi wa fildi hapa Mtwara. Wengi wanakuja wanaijua SPIKES, zile hatua sita za kumpa mtu habari mbaya, za Walter Baile na wenzake za mwaka 2000, walizoandika kwa ajili ya wagonjwa wa kansa: andaa mahali, uliza mgonjwa anajua nini, uliza anataka kujua kiasi gani, ndo useme, pokea machungu yake, halafu mpange kinachofuata. Ni nzuri sana. Ila wameikariri kwa Kiingereza, na mgonjwa hajalazwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo nawafanyisha igizo kwa Kiswahili, kwa sauti, mmoja mgonjwa, mmoja ndugu, na narudiarudia mpaka maneno yazoee mdomo. "Mama, majibu yametoka, na siyo mazuri." Nyamaza kidogo. "Kile kinyama tulichokata kikapelekwa kupimwa kimeonekana kina kansa." Nyamaza tena, na hapa ndo pagumu maana kila mwanafunzi anakimbilia kujaza ule ukimya na maelezo ya dawa, wakati mwenzio hata hasikii, muache alie, kaa nae tu.

Halafu kuna mjomba. Huku kusini kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo kwa asili unafuata upande wa mama, mjomba ana neno, na atakuvuta pembeni, "Daktari, mwenyewe usimwambie." Usibishane nae pale. Mwambie, "Nimekuelewa mjomba, ngoja nimuulize mwenyewe angependa nani awepo." Mama mmoja alimjibu mwanafunzi wangu, "Mwiteni mjomba, lakini na mimi niambieni." Wakakaa wote watatu, yule binti akasema neno kwa neno kama tulivyofanya mazoezi.

Na jiandae, maana maswali ya kwanza mara nyingi siyo ya ugonjwa, ni nauli ya kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, nani atabaki na watoto, korosho ataokota nani. Pita ustawi wa jamii kabla hujamwita mgonjwa, ujue msaada gani upo, usiende kubahatisha mbele yake.

Ukimaliza andika kwenye faili maneno uliyomwambia, yaleyale, na ndugu waliokuwepo, kwa sababu usiku akishtuka usingizini atamuuliza nesi mwingine swali hilohilo.