Muulize Anti: Wenzangu wameondoka, naiti zote zangu

SWALI: Shikamoo anti. Mi nesi hospitali ya binafsi hapa Mbeya, mwaka wa tatu sasa. Wodi yetu ya wanaume tulikuwa manesi saba, wanne wameondoka na hajaletwa mtu. Naiti nakaa peke yangu na wagonjwa 24. Juzi nampa dawa babu wa bedi 9, kumbe bedi 14 dripu imeisha na damu imeanza kurudi kwenye mrija, ndugu yake akanifokea eti nina roho mbaya. Niliingia stoo nikalia. Patroni nikimfuata anasema vumilieni tu. Mama naye anasema nina bahati, wenzangu wako mtaani na vyeti vyao. Niache kazi?
Nesi, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu. Roho yako haina shida, shida ni hesabu. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Pennsylvania kule Marekani ukatoka 2002, walikuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi, uwezekano wa nesi kuchoka kabisa unapanda asilimia 23 na wa kutoridhika na kazi asilimia 15, na wagonjwa wa upasuaji nao wanakufa zaidi. Mgonjwa mmoja tu! California wakaweka sheria, tangu 2005 wodi za kawaida nesi mmoja asizidi wagonjwa watano. Sawa, Uyole sio California, ila mwili wa nesi ni ule ule, na ndo maana wenzako wakiondoka na wewe unatamani kuondoka, kila anayetoka anawaachia mzigo waliobaki, halafu patroni anashangaa wodi inaisha watu.

Sasa vumilieni isiwe jibu la mwisho. Chukua daftari, andika kila zamu umeingia saa ngapi umetoka saa ngapi na wagonjwa wangapi, mwezi mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ovataimu isizidi saa 50 kwa wiki nne na ilipwe mara moja na nusu, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Angalia salari slipu yako kama hiyo ya usiku ipo, wengi hawajawahi hata kuitafuta. Kisha nyie watatu mliobaki nendeni pamoja kwa patroni, kwa barua, mmeambatisha hizo kurasa. Ukienda peke yako utaitwa mkorofi.

Ila nimeona kitu kwenye barua yako, umekumbuka bedi 9, umekumbuka bedi 14. Aliyeuchoka uuguzi hakumbuki namba za bedi. Mi naona umeichoka ile rosta, kwa hiyo usikimbilie kufungua duka Mwanjelwa bado. Mama mwambie hukatai kazi, unatafuta wodi yenye watu.

Mwezi ukipita na hakuna kilichobadilika, omba kwingine ukiwa bado kazini, ukipata ndo utoe notisi ya siku 28 kwa maandishi, usipotee tu kama wanavyofanya wengine halafu mshahara wa mwisho unakuwa ugomvi. Dai na cheti cha utumishi, ni haki yako. Na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isije ikaisha muda wake katikati ya hizo purukushani.